Bendera katikati ya uwanja wa mwenzio: nyota wa chuo akikosa uungwana, tunamhukumu kwa lipi?

Jumapili ya kwanza ya Desemba 2024, mpwa wangu anayesoma Marekani alitutupia video kwenye kundi la WhatsApp la familia. Vijana wenye helmeti, mabega yamevimba kwa kinga kama kabati la milango miwili, wanasukumana katikati ya uwanja. Mmoja ana bendera, mwingine anainyofoa. Kisha polisi wanapuliza dawa ya pilipili. Ilikuwa mechi ya jana yake, Michigan dhidi ya Ohio State, na Michigan walikuwa wageni walioshinda 13 kwa 10.

Dakika tano hazikupita. Shangazi akauliza, "Jamani, hawa si wanafunzi? Walimu wao wako wapi?" Kaka mkubwa akasema mwenye bendera hana nidhamu, afukuzwe chuo. Binamu mmoja, ambaye ana jibu la kila kitu, akafunga mjadala: hela zimewaharibu. Mpwa hakukubali. Akasema hata mshindi wa tuzo kubwa kuliko zote za mchezo huo aliwahi kusimika bendera palepale Ohio State, na tuzo hiyo, alivyoelewa yeye, ni ya mchezaji mwenye tabia njema. Sasa ipi ni ipi?

Nikaona tunagombana kwa neno moja, tabia, ambalo kila mtu amelibebesha maana yake.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa asiyeujua. Huko wakisema futiboli hawamaanishi soka. Ni mpira wenye umbo la yai, unaobebwa na kurushwa kwa mkono, wachezaji 11 kila upande, na kugongana ni sehemu ya kazi. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, kama mita 9. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Majaribio manne: yashike hayo, tutayahitaji baadaye. Ukiuvusha mpira mstari wa mwisho umepata tachidauni, pointi 6, na unaruhusiwa kupiga teke moja, ambalo kwa kawaida ni rahisi, kuongeza pointi ya 7. Anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi anaitwa kwotabeki. Mara nyingi huyu ndiye nyota, na timu ikifungwa lawama ni zake.

Neno "chuo" nalo lisikupoteze. Sisi michezo ya vyuo tunaijua kama bonanza la Jumamosi, watazamaji ni wenzako wa bwenini na muuza karanga. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan una nafasi za watu 107,601. Chukua umati wote wa Uwanja wa Benjamin Mkapa ukiwa umefurika, watu 60,000, waketishe pale: viti zaidi ya 47,000 vitabaki vitupu. Makocha wakubwa wa vyuo hulipwa zaidi ya dola milioni 10 kwa mwaka. Katikati ya yote hayo amesimama kijana wa miaka 20 ambaye Jumatatu ana mtihani.

Nauli, kiti na chenji

Ili tusichanganye, panda nami daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni. Kulipa nauli ni sheria. Usipolipa, konda anakushusha. Kumpisha mama mwenye mtoto mgongoni ni uungwana. Hakuna askari atakayekukamata ukibaki umekaa, ila abiria watakutazama na wewe utajifanya unasoma simu. Sasa umetoa noti ya elfu mbili, na konda, kwa msongamano ule, anakurudishia chenji ya elfu kumi. Hakuna aliyeona. Utakachofanya hapo ndiyo tabia.

Mchezaji naye anapimwa kwa mambo hayohayo matatu, na anaweza kufaulu moja akafeli jingine. Tatizo la mijadala yetu ni kwamba tunamwona kijana hajampisha mama kiti, tunatangaza kuwa ni mwizi wa chenji.

Kwenye sheria hakuna fumbo kubwa. Kumdhihaki mpinzani, kumtukana, kushangilia kupita kiasi: timu inarudishwa nyuma yadi 15. Ukirudia mara ya pili katika mechi hiyohiyo, unatolewa nje. Tangu 2011, mchezaji akimdhihaki mpinzani akiwa bado anakimbilia mstari wa mwisho, tachidauni yake inaweza kufutwa kabisa. Kumgonga mwenzio kwa makusudi kichwani ni kosa jingine, na tangu 2013 adhabu yake ni kufukuzwa uwanjani.

Yadi 15 zinasikika kama kitu kidogo. Muulize Elijah Moore.

Novemba 28, 2019, Ole Miss, yaani timu ya Chuo Kikuu cha Mississippi, walikuwa ugenini kwa mahasimu wao Mississippi State, wamefungwa 21 kwa 14, zimebaki sekunde 4. Kwotabeki Matt Corral akarusha pasi, Moore akaidaka: tachidauni. Sasa ni 21 kwa 20, na lile teke rahisi la pointi moja lingeleta sare na muda wa nyongeza. Moore, kwa furaha, akapiga magoti, akatambaa kwa mikono na miguu, akainua mguu mmoja kama mbwa anayekojoa. Wenyeji jina lao la utani ni la mbwa, kwa hiyo kila mtu uwanjani alielewa anakojolewa nani. Refa akatoa adhabu ya yadi 15. Teke lililokuwa rahisi likapigwa kutoka mbali. Likatoka nje. Mechi ikaisha hapo, na siku chache baadaye kocha wa Ole Miss akafutwa kazi.

Tukio hili nalipenda, maana linaonyesha jinsi tunavyoruka kutoka jambo moja kwenda jingine. Moore alivunja sheria, hilo halina ubishi. Alikosa uungwana pia, tena kwa namna ya kitoto kabisa. Lakini je, tumejua nini kuhusu tabia yake? Tumejua kwamba katika sekunde nne za mwisho, mbele ya maelfu waliokuwa wakimzomea, kijana yule hakufikiri. Aliomba radhi, akaendelea kucheza, na 2021 akachaguliwa kwenda ligi ya kulipwa katika duru ya pili; huko timu huchagua vijana kwa zamu, duru baada ya duru, na wanaotakiwa zaidi huchukuliwa mapema. Waliomwajiri walikuwa wameiona video ileile tuliyoiona sisi.

Bendera, na mkono usiopokelewa

Kusimika bendera kuna ugumu wake. Kwa kawaida hufanywa baada ya filimbi ya mwisho, wakati hakuna tena yadi za kukatwa. Refa kamaliza kazi yake. Kinachobaki ni uungwana mtupu.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam sihitaji maelezo marefu. Simba wakishinda dabi, washangilie watakavyo. Ila wachezaji wakitoka uwanjani moja kwa moja hadi Jangwani, wakasimika bendera nyekundu mlangoni pa jengo la Yanga, hapo hatuzungumzii tena kushangilia. Katikati ya uwanja wa Ohio State pamechorwa nembo ya chuo, na kwa wenyeji ile nembo ndiyo mlango wa nyumba. Baada ya vurugu za 2024, jumuiya ya vyuo inayosimamia ligi yao, Big Ten, ilivitoza vyuo vyote viwili faini ya dola 100,000 kila kimoja. Mbunge mmoja wa jimbo la Ohio alikwenda mbali zaidi: alipeleka muswada wa kufanya kusimika bendera pale kuwe kosa la jinai. Nilicheka niliposoma, kisha nikakumbuka watani wetu wa jadi nikaacha kucheka.

Mpwa wangu alikuwa sahihi kuhusu mshindi wa tuzo. Anaitwa Baker Mayfield, kwotabeki wa Oklahoma. Septemba 2017 aliishinda Ohio State kwao 31 kwa 16, akachukua bendera kubwa ya chuo chake na kuichomeka katikati ya ile nembo. Siku mbili baadaye akaomba radhi.

Miezi miwili ikapita, wakaenda kucheza na Kansas, timu dhaifu ambayo msimu ule ilishinda mechi moja tu kati ya 12. Kabla ya mechi manahodha hukutana kurusha shilingi. Mayfield akanyoosha mkono. Manahodha wa Kansas wakakataa kuupokea, mmoja baada ya mwingine, wakamtazama tu. Kwa watu wa pwani hapo pekee pangetosha kuvunja ukoo. Mechi ikiendelea, Mayfield akawageukia wa Kansas, akashika sehemu zake za siri na kutamka maneno ambayo mama yake hakumfundisha. Kamera zikanasa yote. Oklahoma wakashinda 41 kwa 3.

Nani alianza kukosa uungwana hapo? Video iliyosambaa zaidi ni ya ishara ya Mayfield, si ya mikono iliyobaki mifukoni. Nyota ndiye anayefuatwa na kamera, na kwa hiyo rekodi ya makosa yake ni kamili kuliko ya mtu mwingine yeyote uwanjani. Simtetei, alichofanya ni aibu. Kocha wake alimvua unahodha na kumwanzisha benchi mechi iliyofuata, ambayo ilikuwa ya mwisho kwake nyumbani. Mayfield akalia mbele ya waandishi wa habari. Aliyeanza badala yake alikuwa Kyler Murray. Dakika chache tu, Mayfield akaingia, kwa kuwa ushindi ulihitajika.

Hiyo adhabu huko waliijadili wiki nzima. Wapo walioiona kali, wapo walioiita maigizo. Mimi naona kitu kimoja: mchezaji wa akiba angefanya vile asingepewa adhabu ya dakika chache. Kipaji hununua msamaha, na kijana hujifunza haraka bei yake.

Desemba ya mwaka uleule Mayfield akapewa Heisman.

Tuzo ya tabia?

Heisman ndiyo tuzo kubwa ya mchezaji bora wa chuo, na imekuwa ikitolewa tangu 1935. Wapiga kura ni zaidi ya 900, wengi wao waandishi wa habari, pamoja na washindi wa zamani. Hapa ndipo mpwa wangu alipopotoka kidogo, na wala hayuko peke yake: maelezo rasmi ya tuzo yanataja ubora unaofuatwa kwa uadilifu. Neno lipo. Lakini kura hazipigwi na mashahidi wa uadilifu. Zinapigwa na watu waliotazama mechi na kuhesabu tachidauni.

Jina lenyewe lina kichekesho chake. John Heisman alikuwa kocha, na Oktoba 1916 timu yake ya Georgia Tech iliifunga Cumberland 222 kwa 0. Hujasoma vibaya. Cumberland walikuwa wameshaacha kabisa mchezo huo, wakaokoteza vijana kutimiza ahadi ya kwenda. Inasemwa Heisman alikuwa analipiza kisasi cha kufungwa na chuo hicho katika besiboli kabla ya hapo. Huyo ndiye ambaye tuzo ya uadilifu inabeba jina lake.

Kisha wapo Reggie Bush na O.J. Simpson, wote wa chuo cha USC. Bush alishinda 2005. Baadaye NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kilibaini kwamba yeye na familia yake walipokea fedha na manufaa mengine, ikiwemo nyumba ambayo wazazi wake walikaa bila kulipa kodi. Wakati huo mchezaji wa chuo hakuruhusiwa kupokea chochote zaidi ya ufadhili wa masomo, malazi na chakula. 2010 Bush akaiachia tuzo, jina lake likaondolewa kwenye orodha ya washindi. Simpson alishinda 1968. Alishtakiwa kwa mauaji ya mke wake wa zamani na mwanamume mmoja, mahakama ya jinai ikamwachia 1995. Mwaka 1997 mahakama ya madai ikamwona anawajibika kwa vifo hivyo, na 2008 akatiwa hatiani kwa unyang'anyi akafungwa jela. Jina lake halikuondolewa kwenye orodha hata siku moja. Simpson alifariki Aprili 10, 2024. Wiki mbili baadaye, Aprili 24, Bush akarudishiwa tuzo yake.

Kilichobadilika kwa Bush ni sheria. Yeye alikuwa yuleyule.

Je, hela zimewaharibu?

Hii ndiyo hoja ya binamu, na ndiyo inayosikika zaidi siku hizi. Tangu Julai 1, 2021 wanafunzi wanamichezo wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao: matangazo, jezi, kusaini picha. Na Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa moja kwa moja, kila chuo hadi takriban dola milioni 20.5 kwa wanamichezo wake katika mwaka wa kwanza.

Binamu anasema zamani walicheza kwa mapenzi. Zamani ipi? Mwaka 2010, A.J. Green wa Georgia alifungiwa mechi nne kwa kosa la kuuza jezi yake mwenyewe kwa dola 1,000, ilhali mashabiki walikuwa wananunua jezi yenye namba yake dukani kila siku. Hela zilikuwepo. Hazikuwa zikifika kwa kijana.

Wanalaumiwa pia kwa kuhamahama. Aprili 2025, Nico Iamaleava aliondoka Tennessee kukiwa na taarifa za mvutano wa malipo, akaitwa msaliti. Novemba 2021 kocha Brian Kelly alikiacha chuo cha Notre Dame kikiwa bado kinatafuta nafasi ya kuwania ubingwa, akaenda chuo cha LSU kwa mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya zaidi ya dola milioni 90. Naye alisemwa, kwa kweli, ila wengi waliliita jambo hilo maendeleo ya kikazi. Kijana akifuata maslahi ni tamaa, mzee akifuata maslahi ni taaluma. Joe Burrow naye alihama, baada ya kumaliza shahada yake Ohio State alikokuwa anakaa benchi, akaenda hukohuko LSU. Alipopewa Heisman, Desemba 2019, alisimama mbele ya kamera akawazungumzia watoto wa kwao, kusini mashariki mwa Ohio, wanaotoka shule wakikuta nyumbani hakuna chakula. Watu wakaanza kuchangia ghala la chakula la wilaya hiyo, na michango ikapita dola laki tano. Jukwaa lile lilikuwa la kumsifu yeye, na hakuna sheria iliyomtaka awakumbuke wengine.

Na wale wanaokataa kucheza mechi ya mwisho ya msimu ili wasiumie kabla ya kuingia ligi ya kulipwa? Leonard Fournette na Christian McCaffrey walifanya hivyo 2016, wakaitwa wabinafsi. Karibu mwaka mmoja kabla yao, Januari 1, 2016, Jaylon Smith wa Notre Dame alicheza, goti likaharibika vibaya, akaporomoka katika orodha ya usajili. Matt Corral, yule aliyerusha pasi ya Moore, naye aliamua kucheza na wenzake Januari 1, 2022. Aliumia kifundo cha mguu, akatolewa. Katika usajili alisubiri hadi duru ya tatu. Uamuzi wake naupenda. Siwezi kumdai mtoto wa mtu mwingine aufanye.

Chenji iliyozidi

Nimesema yakumbuke majaribio manne. Novemba 16, 1940, Cornell walikuwa ugenini kwa Dartmouth. Hawakuwa wamefungwa msimu ule, na waliwahi kushika nafasi ya kwanza kitaifa. Sekunde za mwisho, wamefungwa 3 kwa 0, wako karibu na mstari. Wakajaribu mara nne, wakashindwa. Refa, kwa kuchanganyikiwa na hesabu, akawapa jaribio la tano. Wakarusha pasi, tachidauni, wakashinda 7 kwa 3.

Baadaye wakaitazama filamu ya mechi, wakahesabu. Refa akakiri kosa lake. Hapakuwa na kanuni yoyote iliyowalazimisha kurudisha ushindi, na hakuna chombo kilichokuwa na mamlaka ya kuwanyang'anya. Cornell wakapeleka telegramu Dartmouth: mechi ni yenu.

Miaka 50 baadaye, Oktoba 6, 1990, Colorado walikuwa Missouri. Hadithi ileile hadi inatia kizunguzungu: sekunde za mwisho, waamuzi wakapoteza hesabu, Colorado wakapewa jaribio la tano, wakavuka mstari. Safari hii watu waliona kwenye televisheni. Kocha wa Colorado, Bill McCartney, aliyewahi kuichezea Missouri, alilalamikia ubovu wa nyasi za uwanja. Ushindi hakuurudisha. Miaka mingi baadaye alisema anajutia. Msimu ule Colorado waligawana ubingwa wa taifa na Georgia Tech.

Nilipoituma hadithi hii kwenye kundi, kaka mkubwa aliuliza mchezaji gani wa Cornell aliyetaka mechi irudishwe. Nikamwambia uamuzi ulikuwa wa chuo na kocha. Shangazi akaandika, "Kumbe walimu walikuwepo."

Kwenye vitabu vya kumbukumbu matokeo ya 1940 yameandikwa Dartmouth 3, Cornell 0. Ya 1990 yameandikwa Colorado 33, Missouri 31.